Kazi Tatu kwa Mwendo Mmoja: Historia ya Kombaini na Kasoro Zake

Kombaini, yaani mashine inayokata nafaka, kuipura na kuipepeta papo hapo shambani, imeunganisha kazi tatu ambazo kwa maelfu ya miaka zilitenganishwa na siku, wiki na hata miezi. Mkulima wa ngano wa Ulaya ya zamani aliikata kwa mundu masuke yakiwa bado na unyevu kidogo, akafunga miganda, akaiacha ikauke, akaihifadhi ghalani, kisha akaipura wakati wa baridi kali alipokuwa hana kazi nyingi nyingine, na mwishowe akaipepeta siku yenye upepo wa kutosha. Kila kazi ilikuwa na majira yake, na kukawia kwa moja hakukuisimamisha nyingine. Kombaini iliufuta muda huo wa katikati, ikazifunga kazi zote tatu kwenye chombo kimoja kinachotembea, hivyo kwamba sehemu iliyo dhaifu kuliko nyingine ndiyo inayopanga mwendo wa mashine nzima. Karibu kila kasoro inayolalamikiwa leo, kuanzia punje zinazomwagika nyuma hadi udongo unaoshindiliwa na matairi, ina asili yake katika muungano huo, na tiba nyingi zilizobuniwa tangu miaka ya 1830 zimeuhamisha ugumu kutoka sehemu moja ya mashine hadi nyingine, au kutoka kwenye mashine hadi kwenye ardhi iliyo chini yake.

Hamu ya kuvuna kwa chombo ni ya kale sana. Mwandishi wa Kirumi Plinio Mzee, katika karne ya 1 BK, alieleza habari za mkokoteni wenye meno kwa mbele, uliosukumwa na mnyama katika mashamba makubwa ya Galia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Meno hayo yalinyofoa masuke na kuyaacha mabua yamesimama. Hata hivyo, katika enzi ya viwanda, kupura ndiko kulikopata mashine ya kuaminika kabla ya kukata. Mskoti Andrew Meikle alikamilisha mashine ya kupuria yenye ngoma mwaka 1786, na ilienea kwa kasi kiasi kwamba mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza waliandamana wakizivunja mashine hizo shamba kwa shamba, kwa kuwa ziliwanyang'anya kazi ya kupura, iliyokuwa tegemeo lao la kipato wakati wa baridi. Mashine za kukatia zilikuja nyuma yake: ya Patrick Bell huko Uskoti mwaka 1828, na ya Cyrus McCormick huko Virginia, Marekani, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1831.

Kuunganisha kulikuwa hatua ya kijasiri zaidi, na jambo la kushangaza ni kwamba hatua hiyo ilichukuliwa mapema mno, kabla hata mashine ya kukatia haijaenea. Mwaka 1836 Hiram Moore na John Hascall, wa jimbo la Michigan, walipata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ya mashine iliyokata, kupura na kusafisha ngano kwa pamoja huku ikivutwa na kundi kubwa la farasi. Mashine ilifanya kazi, lakini Michigan haikuwa mahali pake. Anayekata kwa mundu anaweza kukata ngano kabla haijakauka sawasawa, kwa kuwa itamalizia kukauka ndani ya mganda. Anayekata na kupura kwa mara moja hana budi kungoja punje ikauke ikiwa ingali kwenye bua, na kila siku ya kungoja ni siku ya kuhatarisha mavuno yote kwa mvua, upepo na ndege. Katika majira ya joto yenye mvua za ghafla, nafaka iliyopurwa na unyevu ilipata joto na kuota ukungu ndani ya magunia. Mwaka 1854 mojawapo ya mashine za Moore ilisafirishwa kwa meli kuzunguka ncha ya kusini ya Amerika hadi California, ambako ilivuna takriban ekari 600 katika msimu mmoja. Haikudumu: miaka michache baadaye iliteketea kwa moto shambani, kwa sababu sehemu mojawapo inayozunguka iliachwa bila mafuta ya kulainishia. Moto wa namna hiyo, unaoanzia kwenye beringi iliyopata joto na kudakwa na makapi makavu, unaziunguza kombaini hadi leo.

California iliipa kombaini kile ambacho Michigan iliinyima, yaani kiangazi kirefu kisicho na mvua, ambapo ngano iliyokomaa huweza kusimama shambani kwa wiki kadhaa bila kuharibika. Kufikia miaka ya 1880 mji wa Stockton, katika Bonde la Kati la jimbo hilo, ulikuwa makao ya utengenezaji wa kombaini, na ndugu wa familia ya Holt waliuza yao ya kwanza mwaka 1886. Zilivutwa na nyumbu au farasi 20, 30 na hata zaidi ya hapo, na nguvu yote ya kukatia na kupuria ilitoka kwenye gurudumu kubwa lililozungushwa na ardhi mashine ilipokuwa ikitembea. Hapa palikuwa na kasoro ya msingi. Penye ngano nzito au mlima, wanyama walipunguza mwendo. Gurudumu likapunguza mzunguko. Ngoma ya kupuria nayo ikalegea, na hayo yote yalitukia katika dakika ileile ambayo ngoma ilikuwa na mzigo mkubwa kuliko wakati wowote. Ilipohitaji nguvu zaidi ndipo ilipopewa kidogo, na masuke yakapita nyuma yakiwa na punje zake. Kinyume chake, kundi la nyumbu lililoshtuka na kutimua mbio liliizungusha mashine kwa kasi ya kuvunja vyuma, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya akina Holt waache gia za chuma zilizopiga kelele na kutumia minyororo.

Tiba ilikuwa kuutenga mwendo wa ngoma na mwendo wa magurudumu. George Stockton Berry, mkulima wa California, alijaribu jambo hilo mwaka 1886 kwa kutengeneza kombaini ya mvuke iliyojiendesha yenyewe na kuchoma mabua iliyoyapura kama kuni. Wazo lilikuwa la busara kwa hesabu za fueli, ingawa kutembeza tanuri katikati ya shamba lililokauka ni jambo ambalo haliwezi kupewa sifa ya usalama. Injini za petroli za mwanzo wa karne ya 20, zilizofungwa juu ya kombaini kwa ajili ya kupura tu huku wanyama wakiendelea kuvuta, ndizo zilizolimaliza tatizo la ngoma kulegea.

Australia ilifuata njia yake. Kule Australia Kusini, ambako masuke hukauka kiasi cha kukatika kwa urahisi, tangu mwaka 1843 ilitumika mashine ya kunyofoa masuke bila kukata bua, wazo lilelile la Galia lililofufuliwa na John Ridley, na mwaka 1885 Hugh Victor McKay aliiongezea sehemu ya kupepeta. Mashine hiyo ilikuwa nyepesi, haikuhangaika na mabua, wala haikuhitaji nguvu nyingi, ila ilitaka ngano iliyosimama wima. Dhoruba ilipolaza mashamba mwaka 1920, meno yake hayakuweza kuyafikia masuke yaliyolala, na wakulima wakaikimbilia mashine ya Headlie Taylor, mkulima wa New South Wales, iliyokuwa na kisu cha kukatia na vinyanyuzi vya kuyainua mabua kabla ya kuyakata. Kwa maneno mengine, Australia ilijifunza kwa hasara kwamba kuyaingiza mabua ndani ya mashine, pamoja na uzito na usumbufu wake wote, ndiyo bei ya kuweza kuvuna katika mwaka mbaya.

Kiwanda kilichojengwa na McKay kilitoa mwaka 1924 kombaini ya Taylor inayojiendesha, lakini aliyeifanya kombaini ya namna hiyo kuwa kitu cha kawaida duniani alikuwa Mwaustralia mwingine, Tom Carroll, mhandisi wa kampuni ya Massey-Harris ya Kanada. Mashine yake ya kwanza, namba 20 ya mwaka 1938, ilikuwa nzito na ghali. Namba 21, iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1940, ilipunguzwa uzito na bei. Kombaini iliyovutwa na trekta ilikuwa na dosari kwamba trekta lilikanyaga ngano katika mkato wa kwanza wa kufungua shamba. Ile inayojiendesha ilibeba kisu chake mbele, ikawa inakata kabla ya kukanyaga. Mwaka 1944, chuma kikiwa cha mgao kwa sababu ya vita, kampuni hiyo iliruhusiwa kutengeneza mashine 500 za ziada kwa sharti kwamba zitafuata mavuno kutoka Texas kusini hadi mpaka wa Kanada. Msafara huo, ulioitwa Brigedi ya Mavuno, ulivuna zaidi ya ekari milioni moja. Uliacha pia mfumo wa kibiashara unaoendelea hadi sasa, wa makandarasi wanaohama na mashine zao kuifuata ngano inavyoiva.

Ugumu ulikuwa sasa umeingia tumboni mwa mashine. Kiini cha kombaini ni ngoma ya kupuria, yaani pipa la chuma lenye mbavu zilizochongwa mistari, linalozunguka juu ya wavu mzito wa chuma uliopindwa kulifuata umbo lake. Mazao hupita katika upenyo wa milimita chache kati ya mbavu na wavu, punje hutengana na masuke kwa kupigwa na kusuguliwa, na nyingi huanguka chini kupitia matundu ya wavu. Kwa ngano, ukingo wa ngoma huenda kwa kasi ya takriban mita 30 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Kwa mahindi inatosha karibu nusu yake. Ngoma ikipelekwa polepole au upenyo ukiachwa mpana, suke hutoka na punje zake. Ikipelekwa kasi au upenyo ukibanwa, punje hupasuka, na pigo hilo si lazima lionekane kwa macho, kwa kuwa punje inaweza kubaki na umbo lake lote huku kiini chake cha kuotea kimekufa, jambo linalomhusu sana anayevuna mbegu. Hakuna nafasi kati ya hasara hizo mbili inayofaa siku nzima. Ngano ya saa nne asubuhi, yenye mabaki ya umande, hukataa kupurika kwa mpangilio ambao saa tisa alasiri utaivunja vipande, na dereva anayeacha mpangilio wa asubuhi hadi jioni huwa ameamua, bila kujua, ni hasara ipi atakayoikubali.

Kinachopita ngoma bila kuanguka ni mabua, yakiwa bado yameficha sehemu ya punje. Kwa zaidi ya karne moja kazi ya kuzitoa punje hizo ilifanywa na vitikisio, yaani mabao marefu na membamba ya chuma yenye matundu, manne hadi sita kwa kawaida, yaliyopangwa sambamba na kurushwa juu na chini kwa krankshafti ili mabua yasogee nyuma kwa kurukaruka huku punje zikichujika chini. Vitikisio havivunji bua wala punje, havili nguvu nyingi, na fundi wa kijijini anaweza kuvielewa kwa kuvitazama. Udhaifu wake ni kwamba vinategemea uzito wa punje na muda, vitu viwili ambavyo mhandisi hawezi kuviongeza. Tabaka la mabua likiwa jembamba, punje hupenya; likinenepa, punje hunaswa katikati na kusafiri hadi nje. Upotevu hauongezeki kwa uwiano na mzigo, bali hubaki mdogo kwa muda kisha hupanda ghafla, hivyo dereva aliyeongeza mwendo kidogo tu huweza kuzidisha upotevu maradufu bila injini kutoa mlio wowote wa malalamiko. Njia pekee ya kuongeza uwezo wa vitikisio ni kuvipanua au kuvirefusha, nayo ilifungwa na upana wa barabara, kwa sababu kombaini lazima isafiri kutoka shamba hadi shamba.

Jibu la Marekani lilikuwa kuacha kuutegemea uzito. Katika kombaini ya rota, ngoma ndefu hulazwa kwa urefu wa mashine, na mazao huizunguka mara kadhaa yakielekea nyuma, huku nguvu ya mzunguko inayosukuma vitu nje ikizitupa punje kwenye nyavu zilizoizingira. Nguvu hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko uzito wa punje, hivyo mashine yenye upana uleule inaweza kupitisha mazao mengi zaidi. Kampuni ya New Holland ilitoa yake ya rota mbili mwaka 1975, na kampuni ya International Harvester, baada ya utafiti wa miaka mingi, ikatoa yake ya rota moja mwaka 1977. Kwa mahindi na soya faida ilikuwa dhahiri, kwa sababu punje husuguana zenyewe kwa zenyewe katika mizunguko kadhaa badala ya kupigwa pigo moja kali, na zilizovunjika zikapungua. Ni sehemu ya kejeli za historia ya viwanda kwamba mashine hiyo iliishi kuliko mwenyewe: International Harvester ilizama katika madeni na kuuza kitengo chake cha zana za kilimo katikati ya miaka ya 1980, ilhali kombaini yake iliendelea kutengenezwa na walioinunua.

Hasara za rota zilijitokeza pale ambapo bua lina thamani. Mabua yanayozungushwa mara kadhaa hutoka yamekatikakatika. Mabichi au yenye unyevu hujiviringisha kwenye rota na kuikaba. Vipande vifupi navyo hupenya nyavu pamoja na punje na kuyasonga machekecheke yaliyo chini. Nguvu inayohitajika ni kubwa, na fueli vilevile. Mfugaji wa Ulaya Magharibi, anayefunga majani ya ngano robota kwa ajili ya matandiko ya ng'ombe, hakuona sababu ya kununua mashine inayomharibia nusu ya zao lake, na ndiyo maana vitikisio vilidumu Ulaya miongo kadhaa baada ya kudharauliwa Amerika Kaskazini. Kampuni ya Kijerumani ya Claas, iliyokuwa imetoa kombaini yake ya kwanza mwaka 1936, ilitafuta njia ya kati katika miaka ya 1990 kwa kuweka ngoma ya kawaida mbele na rota mbili nyuma mahali pa vitikisio, mpango ulioongeza uwezo, na ukaongeza pia idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika.

Baada ya ngoma na rota hubaki kupepeta, kazi inayofanywa na feni na machekecheke yanayotikiswa, na ambayo haijabadilika sana kimsingi tangu siku za Moore. Upepo ukizidi unarusha punje. Ukipungua unaacha pumba. Kila ongezeko la uwezo wa kupura limeutupia mfumo huo mzigo mkubwa zaidi, na kwenye mteremko punje zote husukumana upande mmoja wa chekecheke, upande wa pili ukabaki mtupu na upepo ukatorokea huko. Katika vilima vya Palouse, jimbo la Washington, tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba ziliundwa kombaini zenye miguu ya kupanda na kushuka ili mwili wa mashine ubaki sawasawa, jambo lililokuwa la lazima kwa usalama wa dereva pia. Mashine hizo ni ghali, na wanaolima miteremko mahali pengine, pamoja na miinuko ya Mau upande wa Narok nchini Kenya, kwa kawaida hutumia za tambarare na kulipia tofauti kwa punje zilizobaki chini.

Punje hizo zinaweza kuhesabiwa. Kanuni inayotumiwa na wakulima wa Amerika Kaskazini ni kwamba punje 20 za ngano katika futi moja ya mraba ni upotevu wa takriban busheli moja, yaani kilo 27, kwa ekari. Lakini anayehesabu nyuma ya mashine lazima akumbuke kwamba mazao yaliyokatwa kwa upana wa futi 30 huenda yameangushwa kwenye ukanda wa futi 5, hivyo alichokiona ni mara sita ya hali halisi ya shamba; na anayesahau kutenga punje zilizoanguka kabla ya mashine kupita ataishutumu kombaini kwa kosa la upepo. Vihisio vya kisasa vilivyofungwa nyuma ya mashine huhesabu migongano ya punje na kuonyesha alama kwenye kioo cha dereva, lakini alama hiyo ni ya kulinganisha tu mpaka mtu ashuke, apige magoti na kuhesabu. Wengi hawashuki. Kandarasi anayelipwa kwa ekari, akiwa na wateja wengine wanaomsubiri na wingu linalojikusanya, ana kila sababu ya kuongeza mwendo, na mwenye shamba ndiye anayebeba kinachomwagika. Kasoro hii si ya chuma, ingawa mara nyingi chuma hulaumiwa kwayo.

Kuna pia kasoro ambayo kwa muda mrefu haikuonekana kuwa kasoro hata kidogo. Pumba zinazotawanywa nyuma ya mashine hubeba mbegu za magugu, ambazo zamani zilikwenda na miganda hadi uwanja wa kupuria na kuishia huko. Kombaini ilizirudisha shambani, tena ikazieneza kwa usawa ambao mpanzi angeuonea wivu. Ilimradi dawa za kuua magugu zilifanya kazi, hakuna aliyejali; lakini katika Australia Magharibi, magugu ya jamii ya nyasi yalipozoea dawa moja baada ya nyingine, mkulima Ray Harrington alibuni kinu cha kuzisaga mbegu hizo pamoja na pumba kabla hazijatoka. Kinu hicho hutumia nguvu na fueli, huchakaa haraka penye mchanga, na huongeza uzito.

Kwenye uzito ndiko ambako ugumu umehamia sasa. Kila mmoja wa wahandisi waliotajwa alitibu tatizo lake kwa kuongeza kitu: injini, rota, feni kubwa zaidi, tangi la nafaka ili mashine isisimame kila mara kupakua. Tangi la lita 14,000 likijaa ngano lina karibu tani 11. Watafiti Thomas Keller na Dani Or walichapisha mwaka 2022 hesabu zinazoonyesha kwamba kombaini iliyojaa, ambayo mwaka 1958 ilikuwa na takriban tani 4, ilifikia tani 36 mwaka 2020, uzito wanaoulinganisha na wa baadhi ya dinosaria wakubwa wala majani. Watengenezaji hujibu kwamba matairi mapana na minyororo ya mpira vimeligawa shinikizo, na kwa tabaka la juu jibu hilo ni sahihi. Kwa tabaka la chini halitoshi, kwa kuwa kadiri mtu anavyokwenda chini ndivyo shinikizo linavyotegemea uzito mzima wa ekseli kuliko upana wa tairi. Udongo wa juu unaweza kulainishwa kwa jembe. Ule wa chini, ukishashindiliwa, hubaki hivyo kwa miongo kadhaa, mizizi na maji vikishindwa kupita, na mavuno yakipungua bila sababu inayoonekana.

Mashine yenye masharti mengi hivyo huhitaji nchi iliyopangwa kwa ajili yake. Tanzania ililiona hilo katika wilaya ya Hanang, ambako kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada na baadaye chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, yalianzishwa mashamba ya ngano yenye takriban ekari 10,000 kila moja, yakilimwa na kuvunwa kwa mitambo kama ya nyanda za Kanada. Tambarare za Basotu zilifaa kwa kombaini kwa sababu zilezile zilizozifanya zifae kwa ng'ombe, na Wabarabaig waliokuwa wakizitumia kwa zamu za malisho walizipoteza. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Ngano ilipatikana, na kwa wingi. Hata hivyo vipuri, dizeli na mashine zenyewe vililipiwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu katika miaka hiyo. Kombaini hufanya kazi wiki chache kwa mwaka, na katika wiki hizo haina mbadala: mkanda mmoja uliokatika, ambao katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, huletwa kutoka duka la mji jirani siku hiyohiyo, huweza mahali pengine kugharimu msimu. Siku hizi utegemezi huo umeingia kwenye kompyuta. Hitilafu ya kihisio huweza kuisimamisha mashine yenye injini nzima, na kuifungua kunahitaji programu ambayo mara nyingi fundi wa kampuni pekee ndiye anayo. Malalamiko ya wakulima kuhusu jambo hilo ndiyo yaliyozaa sheria ya mwaka 2023 ya jimbo la Colorado, inayowalazimu watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wamiliki nyenzo za kujitengenezea.

Wajapani walianzia mahali tofauti kabisa, kwenye jaruba dogo la mpunga lenye tope, ambalo mashine ya Stockton isingeweza hata kugeuka ndani yake. Kombaini waliyoibuni katikati ya miaka ya 1960 hulikamata bua la mpunga kwa chini na kulishikilia kwa mnyororo, ikaingiza masuke peke yake kwenye ngoma, hivyo mabua hayapiti tumboni mwa mashine, nguvu inayohitajika ni ndogo, na majani hutoka mazima. Inaendeshwa kwa minyororo ya mpira badala ya matairi. Haifai kwa mahindi wala soya, ina mkato mwembamba, na mnyororo wake wa kushikia una vipande vingi vidogo vinavyodai uangalizi. Kombaini ndogo za minyororo zilizosambaa katika mabonde ya mpunga ya Afrika Mashariki, Mwea nchini Kenya ikiwa mojawapo, kwa kiasi kikubwa ni za aina ya pili ya Asia, inayomeza bua zima kama zile za ngano lakini ikiwa na tani chache tu. Zinapunguza gharama ya vibarua na siku za mavuno, na badala yake zinamdai mkulima jambo ambalo mundu haukumdai: maji yatolewe jarubani siku kadhaa kabla ya kuvuna, kwa kuwa likiachwa na tope zito, minyororo hutoboa lile tabaka gumu la chini ambalo ndilo linalozuia maji ya msimu ujao yasizame.